Tega, Nipe Mji: Mwongozo kamili wa kuchapa kitabu cha vitendawili kwa skrini

Kitendawili kinaishi katika kimya kilichopo kati ya swali na jibu. "Kitendawili!" "Tega!" Watu wanakuna vichwa, wanakosea, wanachekana, na wakishindwa kabisa mtegaji anadai apewe mji ndipo ategue. Kitabu kinachoweka swali na jibu kwenye ukurasa mmoja kimekula utamu wote huo kabla ya msomaji kuuonja. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kutengeneza kitabu cha vitendawili kwa mkono aanze na mikunjo. Rangi zitafuata.

Mwongozo huu ni wa nakala 25, kwa vifaa vinavyopatikana Kigoma mjini au vinavyoweza kuagizwa Dar es Salaam kwa basi au treni. Mafundi wa fulana tayari wana nusu ya vifaa hivyo. Kinachobadilika ni rangi, uvumilivu na kitambaa cha skrini, yaani fremu yenye kitambaa cha matundu madogo ambamo rangi hupenyezwa hadi kwenye karatasi.

Umbo la kitabu

Kitabu kinakunjwa kama kodiani: kurasa 12 mfululizo, kila moja upana wa sentimita 13.5 na kimo cha 14.5. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Kurasa za 2 hadi 11 zina vitendawili kumi. Ukurasa wa 12 una maneno mawili tu, "Nipe mji", na chini yake nafasi tupu. Msomaji aliyeshindwa anataja mji, anageuza kitabu kizima, na majibu kumi yanamngoja mgongoni. Migongo ya ukurasa wa 1 na wa 12 inagundishwa kwenye jalada, hivyo nyuma zinabaki kurasa kumi kamili. Hesabu inajifunga yenyewe.

Karatasi ya A3 ina sentimita 42 kwa 29.7. Ikatwe kwa urefu, utapata kanda mbili. Katika kila ukanda kurasa tatu huchukua sentimita 40.5, na ile 1.5 inayobaki upande wa kulia ni ulimi wa kuungia ukanda unaofuata. Karatasi ya kwanza, tuiite A, ina kurasa 1, 2, 3 juu na 4, 5, 6 chini. Karatasi B ina 7, 8, 9 na 10, 11, 12. Kitabu kimoja kinakula A3 mbili.

Makosa mengi hutokea nyuma ya karatasi. Ukiigeuza upande kwa upande, kama unavyofungua kitabu, mpangilio unapinduka: ukanda wa juu wa A, kutoka kushoto, unakuwa ulimi, mgongo wa 3, mgongo wa 2, mgongo wa 1. Ukanda wa chini ni ulimi, 6, 5, 4. Tena ulimi wa ukanda uliotangulia utafunika sentimita 1.5 za upande wa kulia wa mgongo wa ukurasa wa 4, wa 7 na wa 10. Hapo acha sentimita 2 bila mchoro. Usijaribu kuyashika haya kichwani. Tengeneza kitabu cha majaribio kwa karatasi ya kawaida, andika namba mbele na nyuma kwa penseli, kikunje, kigeuze, kisha kifumue. Hiyo ndiyo ramani yako hadi siku ya mwisho.

Karatasi na nyuzi zake

Tafuta karatasi ya gramu 160 hadi 200. Chini ya hapo rangi ya maji inaikunja, na juu ya hapo mikunjo inapasuka. Manila nyeupe ya dukani inafaa kwa majaribio, lakini hugeuka manjano mapema, na kitabu cha kuuza hakiistahili.

Jambo kubwa kuliko uzito ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, nayo hukunjika vizuri sambamba na nyuzi na vibaya ikizikata. Ipinde bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio wenye mkunjo sambamba na nyuzi. Kwa kitabu hiki nyuzi lazima zifuate upande mfupi wa A3, kwa kuwa mikunjo yote inasimama wima. Zikiwa zimelala kwa urefu, nunua karatasi kubwa na ukate A3 zako mwenyewe. Ukipuuza hili, mikunjo itakuwa na meno, na kitabu hakitafunga bapa hata ukikilalia.

Kata karatasi 35 za A na 35 za B. Kila karatasi itapita chini ya skrini mara tatu, na kila mpito huharibu mbili au tatu. Ziache chumba kile utakachochapia kwa siku nzima kabla ya kuanza. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka. Ukichapa rangi ya kwanza siku ya mvua na ya pili siku ya upepo mkavu, rangi hazitakutana. Kigoma miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo rafiki wa kazi hii, ila funga madirisha ya upande wa barabara kwa ajili ya vumbi.

Kuchora kwa rangi mbili

Mbele tumia rangi mbili angavu, chungwa la mawese na buluu, ambazo zikilaliana huzaa ya tatu, nyeusi yenye uhudhurungi. Nyuma tumia buluu peke yake. Hivyo utakuwa na michoro sita ya kuchapa: chungwa A na B, buluu ya mbele A na B, buluu ya nyuma A na B.

Mbele chora maneno ya kitendawili kama yalivyo, usichore jibu. "Nyumba yangu haina mlango" ichorewe nyumba isiyo na mlango, nyeupe, yenye mgongo wa duara. Nyuma umbo lile lile linageuka yai. "Nyumba yangu ina nguzo moja" inampa msomaji nyumba na nguzo, na kwa yeyote anayejua mapori ya huku wakati wa mvua, uyoga unaanza kuchungulia bila kutajwa. "Kuku wangu katagia miibani" apewe kuku halisi na miiba halisi, nanasi lisubiri. Mchoraji anayedokeza jibu mbele kwa kuogopa kutoeleweka anaharibu kazi.

Maandishi yaandikwe kwa mkono, herufi zenye kimo kisichopungua milimita 4 na mistari isiyopungua nusu milimita. Eneo la chungwa linalopakana na mstari wa buluu liingie chini ya mstari huo kwa milimita 1, ili rangi zikikosana kidogo weupe usitokeze. Sehemu nzito ya rangi isipite juu ya mkunjo, kwani itapasuka na kuonyesha ufa mweupe. Milimita 4 kila upande wa mkunjo ziachwe tupu au ziwe na mistari myembamba. Uso wa ulimi usiguswe na rangi, gundi haishiki juu yake.

Kila rangi ichorwe nyeusi tii kwenye karatasi yake angavu, ama kwa wino mzito juu ya plastiki ya filamu, ama kwa kutoa kopi ya leza kwenye karatasi ya kunakilia ramani. Weka alama ya msalaba kwenye kona mbili za kila mchoro, mahali palepale, nje ya eneo litakalobaki baada ya kukata. Kopi ya leza ikiwa hafifu, ipake mafuta ya kupikia yasiyo na rangi upande wa nyuma, uyafute vizuri, mwanga utapita zaidi. Mawese usiyaguse kwa kazi hii. Wekundu wake unazuia mwanga ule ule wa buluu na urujuani ambao skrini inauhitaji.

Skrini

Fremu mbili zinatosha, moja ya A na moja ya B, zinazosafishwa na kutumiwa upya kwa kila rangi. Vipimo vya ndani viwe sentimita 60 kwa 46, ili rangi ipate mahali pa kupumzika pande zote za A3. Mbao ya inchi 2 kwa 2 ya msonobari mkavu, kona zilizokatwa nusu kwa nusu, gundi na skrubu, vanishi mara mbili. Mninga haupindi, lakini fremu ya ukubwa huu inakuwa mzigo.

Kitambaa kiwe cha poliesta chenye nyuzi 77 hadi 90 kwa sentimita, kinachouzwa kwa jina la 77T au 90T. Kile cha mafundi wa fulana mara nyingi ni 43T. Kinamwaga rangi nyingi mno kwa karatasi. Anza kupiga pini katikati ya upande mmoja, uvute upande wa pili, kisha pande nyingine mbili, halafu uende kwenye kona kidogo kidogo. Ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma ndogo. Kitambaa kilicholegea kinasukumwa mbele na skwiji (ubapa wa mpira wenye mshikio, wa kuvutia rangi), na herufi zinatoka na kivuli. Kisha kioshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, maana mafuta ya vidole yanatosha kuifanya dawa ya mwanga ibanduke.

Dawa ya mwanga (si ile emalshoni ya ukutani) huganda inapopigwa na mwanga, na pale wino wa mchoro unapouzuia hubaki laini ikaoshwa; inunuliwe ile inayovumilia rangi za maji. Zipo zinazofaa rangi za mafuta tu, na hizo huyeyuka ukiwa katikati ya kazi. Changanya na unga wake kama kopo linavyoelekeza, iache saa moja mapovu yapande. Katika chumba chenye taa ya njano tu, ipake kwa mfereji wa kupakia, mara moja upande wa chini na mara moja upande wa ndani, safu nyembamba inayong'aa sawasawa. Laza fremu gizani, upande wa chini ukitazama sakafu, hadi ikauke kabisa. Iliyo mbichi kidogo inaonekana kavu kwa jicho, lakini ukiiosha inatoka yote.

Kuchoma kwa jua

Hakuna haja ya meza ya taa. Kazi hii ifanyike kati ya saa 5 na saa 8 mchana, siku isiyo na mawingu. Kutoka chini kwenda juu: ubao, sponji lililofungwa kwa kitambaa cheusi na kuingia ndani ya fremu, skrini ikiwa imefunika sponji hilo, mchoro, kisha kioo cha milimita 5 au 6. Mchoro ulale kifudifudi, wino ukigusa dawa, hivyo ukitazama kupitia kioo maandishi yasomeke kinyume. Yakisomeka sawa, yatachapwa kinyume.

Beba mrundo wote ukiwa umefunikwa kwa blanketi. Simamisha penseli juu ya kioo, funua kidogo ukingoni, uinamishe ubao hadi kivuli cha penseli kiishie kwenye kitako chake. Hapo jua linapiga moja kwa moja. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri liko utosini Kigoma na ubao unalala bapa. Juni jua limeelemea kaskazini, unahitaji mwinamo na sekunde zaidi.

Sekunde ngapi? Dawa hazifanani, kwa hiyo chapa mkanda wa majaribio kwanza. Funika skrini ndogo kwa kadibodi, ivute hatua moja kila baada ya sekunde 10, hadi hatua sita. Rudi kivulini haraka, lowesha pande zote mbili, ngoja dakika 2, kisha nyunyizia kwa bomba la mgongoni lililo jipya, ambalo halijawahi kubeba dawa ya shamba. Hatua iliyopata mwanga kidogo huteleza kama kamasi upande wa ndani na kuondoka. Iliyozidi haifungui mistari myembamba hata ukiibembeleza. Chagua hatua ambayo herufi ndogo kabisa zimefunguka na ukuta wake ni mgumu. Andika sekunde, saa na mwezi juu ya fremu yenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Ikikauka, itazame dhidi ya dirisha. Vitobo vya vumbi vizibwe kwa tone la dawa hiyo hiyo kwa brashi ndogo, kisha irudishwe juani. Kingo zote za ndani zifunikwe kwa selotepu ya kahawia.

Asiye na dawa kabisa anaweza kukata umbo kwenye karatasi ya gazeti na kuibandika chini ya skrini kwa mvuto wa kwanza wa rangi. Inavumilia nakala 30 hadi 50 na inafaa kwa maeneo makubwa ya chungwa. Kwa herufi haifai.

Rangi

Rangi ya fulana inayotaka joto, plastisoli, isikaribie karatasi. Bila joto la nyuzi 160 hivi haikauki kamwe. Tumia akriliki ya wachoraji pamoja na kichanganyio cha kuchapia skrini: kwa chungwa, sehemu 1 ya rangi kwa 3 za kichanganyio, ili iwe angavu, kwa buluu, 1 kwa 2, ili herufi zisomeke. Isiwe na nyeupe ndani, maana nyeupe huua uangavu na kulaliana kwa rangi kunakuwa tope. Changanya mililita 300 za chungwa na 600 za buluu kwa siku moja. Ni nyingi kuliko zitakazotumika, lakini buluu ikiisha kwenye karatasi ya 28, hutaipata tena ile ile.

Uzito wake uwe kama wa mtindi. Joto la mchana linaikausha ndani ya matundu, kwa hiyo ongeza glisirini ya dukani, kijiko 1 cha chai kwa mililita 100, na si zaidi, la sivyo karatasi zitabaki na unatounato. Chapa asubuhi, kabla ya saa 4.

Kuchapa

Funga fremu mezani kwa bawaba mbili. Bandika vipande vya kadibodi vya milimita 3 chini ya kona za mbele ili kitambaa kisiguse karatasi mpaka skwiji ipite. Fremu ikilala moja kwa moja juu ya karatasi, rangi inavuja chini ya kingo.

Mahali pa karatasi paongozwe na vituo vitatu vya kadi vilivyogundishwa mezani, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi. Karatasi zote zigonge vituo hivyo kwa pande zile zile mbili, rangi zote. Weka alama ya penseli kwenye kona hiyo. Ukigeuza kuchapa nyuma, kona inahamia upande wa pili, kwa hiyo kituo cha upande mfupi kihamishwe nayo.

Kwa rangi ya pili, bandika plastiki angavu mezani kwa ukingo mmoja, chapa buluu juu yake, ingiza karatasi yenye chungwa chini yake, isogeze hadi misalaba ikutane, kisha weka vituo na uinue plastiki. Njia hii inaokoa karatasi kumi za kubahatisha.

Skwiji iwe ya mpira mgumu kiasi, ndefu kuliko mchoro kwa sentimita 2 kila upande. Kwanza fremu ikiwa imeinuliwa, sukuma rangi juu ya mchoro bila kukandamiza, ili matundu yajae na yasikauke. Shusha, kisha vuta kuelekea kwako kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60, mvuto mmoja wa nguvu sawa bila kusita. Inua fremu, jaza matundu tena mara moja, ndipo utoe karatasi. Anayetoa karatasi kwanza na kuitazama kwa furaha ndiye anayerudi kukuta skrini imeziba.

Herufi zikianza kukatika, matundu yameziba: futa chini kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, chapa gazeti mara mbili, endelea. Kingo zikivimba, rangi ni nyepesi au unakandamiza mno. Doa moja likijirudia karatasi baada ya karatasi, ni kitobo. Kizibe kwa kipande cha selotepu chini ya skrini. Ukihitaji kunywa chai, osha kwanza.

Karatasi zikaushwe kwenye vichanja vya wavu kama vya dagaa, tabaka kwa tabaka, kivulini. Saa 2 hadi 3 zinatosha kabla ya rangi nyingine, ila usizipange juu ya nyingine hadi kesho yake.

Ratiba ya busara ni siku tatu za kuchapa: chungwa A na B, buluu ya mbele, buluu ya nyuma, na katikati siku za kusafisha na kuchoma upya. Dawa ya zamani hutolewa kwa kiondoaji chake, au kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe, hewani, kwa glavu, na isiachwe ikaukie kitambaani. Klorini isichanganywe na kitu kingine chochote. Maji machafu usiyamwage mtaroni, kwa sababu mji unakunywa maji ya ziwa. Yaache yatuame kwenye ndoo, mashapo yakaushwe na kutupwa na taka kavu.

Kukunja na kuunga

Kata kanda kufikia sentimita 14.5 kwa rula ya chuma na blade mpya. Ulimi wa ukanda wa nne ukatwe kabisa. Pima mikunjo yote kutoka ukingo ule ule wa kushoto: 13.5, 27, 40.5. Ukipima ukurasa kwa ukurasa, nusu milimita tatu zinajumlishana. Tia mfuo kwa kalamu ya wino iliyokwisha, kisha kunja na kusugua kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi. Kati ya 1 na 2 ni bonde, kati ya 2 na 3 ni mlima, na hivyo hivyo hadi bonde la mwisho kati ya 11 na 12.

Gundi ya kuungia ni gundi nyeupe ya mbao sehemu 7 na uji wa wanga wa muhogo sehemu 3. Uji ni wanga kikombe 1 kwa maji 6, upikwe huku ukikorogwa hadi ugeuke wa kung'aa, upoe, uchujwe. Matone mawili ya mafuta ya karafuu yanachelewesha ukungu. Paka uso wa ulimi kwa wembamba, uuingize nyuma ya ukurasa unaofuata, ukingo ukikaa juu ya mkunjo hasa, bonyeza.

Jalada

Kadibodi ya kijivu ya milimita 2, vipande 50 vya sentimita 14.1 kwa 15.1, inayozidi kurasa kwa milimita 3 kila upande. Kanga inapendeza hapa, na ukiweza kuyapanga maneno ya jina lake yaangukie jalada la mbele, kitabu kinaanza kusema kabla hakijafunguliwa. Ioshe itoe wanga wa kiwandani na kunywea kwake, kisha igundishe juu ya karatasi nyembamba kwa uji wa muhogo na uiache ikauke ubaoni. Bila tabaka hilo gundi inapenya na kuacha madoa. Kila kipande kiwe 17.7 kwa 18.7. Kanga moja yenye mita 1.5 kwa 1.1 inatoa vipande 48 kwa hesabu ya karatasini, kwa hiyo nunua doti.

Kata kona za kitambaa kwa nyuzi 45 ukiacha milimita 3 kutoka kwenye kona ya kadibodi. Ukikata hadi mwisho, kona itachungulia. Kunja, gundisha, kisha bandika mgongo wa ukurasa wa 1 ndani ya jalada la mbele na wa 12 ndani ya la nyuma, huku karatasi ya nta ikitenganisha kurasa nyingine zote. Weka chini ya matofali manne yaliyofungwa kwa magazeti, saa 24. Ukiyatoa mapema jalada litajikunja kama ganda la mti, na halirudi.

Akriliki iliyobanwa kwenye joto hung'ang'aniana. Kabla ya kufungasha, pangusa kurasa kwa poda kavu ya watoto, kidogo sana, kwa kitambaa laini.

Nakala hazihitaji namba pekee. Kwenye nafasi tupu ya ukurasa wa 12, chini ya "Nipe mji", andika kwa penseli namba na kituo cha Reli ya Kati: 1/25 Kigoma, 2/25 Uvinza, 3/25 Kaliua, 4/25 Urambo, 5/25 Tabora, 6/25 Itigi, 7/25 Manyoni, na kuendelea kuelekea Dar es Salaam. Vituo vikubwa vikiisha, vidogo vya katikati vipo vya kutosha. Tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino huvuja kwenye karatasi isiyo na gundi ya uso, na hapo hapafutiki.